Astheneia: Mgiriki naye alikuwa "hawezi"

Mwanafunzi mmoja alinibana darasani: "Mwalimu, mbona Yohana 11:4 imeandikwa 'ugonjwa' na 2 Wakorintho 12:9 'udhaifu', na Kigiriki chake ni neno moja?" Kweli, ni moja: ἀσθένεια.

Nikalikata ubaoni: a-sthen-eia. Katikati kuna sthenos, nguvu, ile iliyomo kwenye jina la Demosthenes. Mbele kuna a- ya kukanusha. Mwishoni -eia inafanya kazi ya u- yetu katika "udhaifu": inageuza sifa (asthenēs, dhaifu) kuwa nomino. Basi ni hali ya kutokuwa na nguvu, iwe umelegea au unaumwa.

Darasa likaona ni ajabu. Nikawauliza, mzee wa pwani akisema "leo siwezi", mnamwelewaje? Si anaumwa! Biblia ya 1952 inasema Lazaro "alikuwa hawezi" (Yohana 11:1), na Kigiriki chake ni asthenōn, kutoka kitenzi cha ukoo huu huu. Kikanushi mbele, uwezo nyuma. Aliyechagua neno hilo alikijua Kiswahili chake.

Sarufi yake haitishi. Ni nomino ya kike, kundi la kwanza, na mwisho wake hubadilika kufuata kazi yake katika sentensi: ἀσθένεια, ἀσθενείας, ἀσθενείᾳ, ἀσθένειαν. Kinachowasumbua wengi ni mkazo unaohama. Alfa (α) ya mwisho ni fupi kwenye ἀσθένεια na ἀσθένειαν. Ikirefuka, kama kwenye ἀσθενείας, mkazo unavutwa silabi moja kuelekea mwisho. Na ile iota (herufi i) ndogo chini ya ᾳ msiidharau. Ndiyo alama ya dativu, umbo la nomino linalotakiwa baada ya en ("katika"): en astheneia, "katika udhaifu".

Wingi ndio unaonikera, maana kwetu haushikiki. Katika 2 Wakorintho 12:10 Paulo anaandika en astheneiais, kisha anaorodhesha matusi, shida, mateso na dhiki, yote kwa wingi. Anahesabu mambo yaliyompata, moja baada ya jingine. Sisi tunasoma "udhaifu", neno lisilo na wingi, tunadhani anazungumzia tabia yake. Mimi darasani husema "nyakati za kutojiweza". Ni refu, najua.

Kigiriki cha leo kimeegemea upande wa maradhi: asthenís ni mgonjwa, na king'ora kikilia nyuma yako Athens, hilo ni asthenofóro, gari la wagonjwa. Pisha.