Pawasoo ndogo ya zamani haina nguvu? Anza na cheni

Pawasoo ndogo za zamani, hii misumeno ya injini, bado ziko nyingi hapa Mombasa, zingine zimeshuka na makontena ya mitumba, zingine zimelala stoo za majumba ya Nyali na Likoni miaka na miaka, na wengi wanaoniletea maneno yao ni yale yale, fundi hii mashine haina nguvu, nifungulie kabureta. Mimi kabureta naigusa mwisho. Kwanza natoa kava ya klachi, natoa cheni, naiweka mezani.

Mashine kubwa kama Stihl 070, zile za kupasulia mbao, zina nguvu ya kuficha makosa ya cheni. Iwe butu vipi italazimisha ipite. Lakini hizi ndogo za cc 30 hivi, Stihl 015, McCulloch Mini Mac, Homelite za mkono mmoja, hizi hazina akiba ya nguvu hata kidogo. Cheni ikiwa nzito kuliko iliyotengenezewa, au riveti mbili tatu zimekaza, au meno ya kushoto ni marefu kuliko ya kulia, bas, mashine yazima ndani ya mti na mwenyewe aanza kuilaumu injini ambayo haina kosa lolote.

Kwa hivo kabla hujanunua cheni, pima. Usiende dukani ukasema "nataka ya inchi 14", manake baa, lile bapa refu la chuma ambalo cheni hulizunguka, la inchi 14 la kampuni moja lataka draivu linki 49, la nyengine 50, la nyengine 52. Draivu linki ni vile vipande vya katikati vyenye ncha chini, vinavyoingia kwenye mfereji wa baa. Vihesabu vyote, weka alama ya rangi pale ulipoanzia usijichanganye. Alafu pichi, yaani nafasi ya riveti hadi riveti: shika vernia, kile kipimo cha milimita, pima kutoka katikati ya riveti moja hadi katikati ya riveti ya tatu, gawa kwa mbili. Ukipata milimita 12.7 kabla ya kugawa hiyo ni pichi ya inchi 1/4, ukipata 16.5 ni .325, ukipata kama 19 ni 3/8. Mwisho geji, yaani unene wa draivu linki. Hizi ndogo nyingi ni milimita 1.3, ila ziko za 1.1, na ukikuta 1.5 au 1.6 kwenye mashine ndogo hivi jiulize kama kuna mtu alishabadilisha baa. Cheni za Stihl zimepigwa namba kwenye draivu linki, 1 ni milimita 1.1, 3 ni 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6, kwa hivo safisha uchafu kwanza usome.

Sasa kwenye 3/8 ndo watu wengi huumia. Ziko mbili, kuna 3/8 ya kawaida ya mashine kubwa na kuna 3/8 lo-profaili, fupi kwa kimo na nyepesi, na dukani zote mbili zitaitwa "thrii-eiti" zikatolewa rafu moja. Mzee mmoja wa Kisauni aliniletea mashine ya marehemu kaka yake, ameuziwa cheni mpya kabisa, inaruka kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na inapiga kelele. "Mwanangu, nimeambiwa cheni ya mashine hii haipatikani tena." Nikamwambia mzee wangu yapatikana, ila si hii uliyopewa. Alikuwa amevishwa 3/8 kubwa juu ya sproketi ya lo-profaili. Meno ya sproketi yalikuwa yashaanza kulika, tukabadilisha vyote viwili.

Wale wenye mashine zilizokuja na 1/4 wana kazi zaidi. 1/4 ya zamani ya geji 1.3 ni cheni nzuri sana, laini, haipigi mkono, lakini kuipata hapa pwani ni bakhti. Na jihadhari na 1/4 zinazouzwa sasa kwa ajili ya mashine ndogo za betri, nyingi ni geji 1.1, ukiiweka kwenye mfereji wa 1.3 italala upande na kata itaenda kombo. Ukikosa kabisa waweza kuhamia 3/8 lo-profaili, lakini sproketi lazima ibadilike pamoja na cheni, na baa pia kama ncha yake ina kile kigurudumu cha meno. Baa za zamani za ncha kavu hazina kigurudumu, hizo zakubali pichi yoyote mradi upana wa mfereji uwe sawa. Na piga hesabu kwanza. Sproketi ya 1/4 yenye meno 8 huvuta inchi 4 za cheni kila mzunguko, ya 3/8 yenye meno 6 huvuta inchi 4 na nusu. Umeongeza mwendo, na nguvu ya kuvuta imepungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Kwa baa ya inchi 10 au 12 mashine itavumilia, ya inchi 16 usiiweke.

Cheni ya zamani yenye kutu usiitupe haraka, lakini usiiamini haraka pia. Hewa yetu ya bahari inakula chuma kimya kimya, na ukiona bodi ya mashine imetoka unga mweupe, hiyo ni chumvi inakula magnesiamu ya bodi, ujue na cheni haijasalimika. Mimi nailoweka kwenye dizeli siku mbili tatu, napiga brashi ya waya, narudisha tena. Siki hutoa kutu kweli, ila kwa cheni siipendi, asidi huingia ndani ya riveti na kubaki mle ukifikiri umesuuza. Ikishalainika, kunja kila kiungo kwa vidole, kimoja kimoja, polepole. Kiungo kinachokaa vile ulivyokikunja bado kina kutu ndani. Angalia nyufa karibu na matundu ya riveti, na hapo sina mjadala, ufa mmoja cheni inaenda chuma chakavu. Alafu tazama juu ya meno. Makali ya jino yanashikwa na ngozi nyembamba ya kromu iliyopakwa kwa nje, kutu ikishaitoboa pale mbele, utapiga tupa asubuhi na mchana makali yamelala, mpaka upige urudi nyuma upite kile kitobo. Jino likiwa fupi sana kwa kupita hapo, nunua mpya.

Kuna jambo linanifurahisha kila nikishika tupa. Zamani cheni za pawasoo zilikuwa na meno ya kukwaruza kama msumeno wa mkono, zinachosha na hazikai makali. Mwaka 1946 mkata magogo mmoja wa jimbo la Oregon kule Marekani, Joseph Cox, akatazama buu la dundu linavyotafuna mbao, taya zake zinakata kushoto na kulia, akatengeneza jino kwa mfano huo, na 1947 akaanza kuuza cheni Portland. Jino unalopiga tupa leo ni lile lile kimsingi. Kona yake inachana, bapa la juu linanyanyua, na reka iliyo mbele inaamua lile kona liingie kina gani. Ukilielewa hilo hutapiga tupa ovyo.

Kwa 1/4 ya zamani na 3/8 lo-profaili ya 1.3 tumia tupa ya mviringo ya milimita 4, kwa .325 tumia 4.8. Funga baa kwenye jiriwa, tafuta jino fupi kuliko yote, hilo ndo kiongozi, mengine yote yashuke yafanane nalo. Pembe digrii 30, sukuma kutoka ndani kwenda nje, usirudishe tupa ikiwa imegusa. Reka ziwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi, pima kwa geji yake usipime kwa jicho. Fundi anayeshusha reka sana ili mashine "ikate haraka" anakuharibia, mashine ndogo itang'ata, itakwama, na ncha ya baa ikigusa kitu itakurukia usoni. Pawasoo nyingi za zamani hazina breki ya cheni kabisa. Kwa hizo naweka cheni zenye kinga dhidi ya lile teke la kurudi usoni, zile zenye kinundu kabla ya reka, hata kama zinakata polepole kidogo, na mteja akikataa namwomba akatafute fundi mwengine.

Aina ya jino, kwa miti yetu nasema semi-chizeli bila kufikiri. Chizeli kamili ni kali, inapendeza kwenye mti laini na safi, lakini sisi twakata minazi iliyojaa mchanga wa pwani, na nje ya mnazi ule mkubwa ni mgumu unakula makali vibaya sana, twakata mivinje migumu, miembe iliyoangushwa na upepo wa kusi ikalala chini kwenye vumbi. Kona kali ya chizeli hufa ikigusa mchanga mara moja. Semi-chizeli ina kona ya mviringo, yavumilia.

Oili jamani. Msitie oili chafu iliyotoka kwenye gari, ina vumbi la chuma, inaziba tundu dogo la baa na kusaga mfereji. SAE 30 mpya yatosha na joto letu hili. Nyingi za zamani pampu ni ya kidole gumba, hakuna ya otomatiki, kwa hivo kidole kisilale, bonyeza kila sekunde chache unapokata.

Cheni mpya iloweke usiku kucha kwenye oili kabla ya kuivaa. Kaza ikiwa baridi, huku umenyanyua ncha ya baa, mpaka imegusa chini na bado unaweza kuizungusha kwa mkono. Endesha nusu gesi dakika chache, zima, iache ipoe, kaza tena, kwani mpya hulegea haraka. Ukimaliza kazi ilegeze kabla ya kuweka stoo, ikipoa hujivuta na kukaza shafti. Ukikata angalia kinachotoka, maranda manene yakitoka endelea. Ukitoka unga mwembamba usiongeze gesi na usikandamize, zima mashine, upige tupa hapo hapo.