Njaa ya daiti haishindwi kwa matango

Saa nne usiku, watoto wamelala, nawe umesimama jikoni unafunua sufuria ya wali uliobaki. Asubuhi ulikunywa chai kavu. Mchana ukala tango na yai moja. Jioni wenzako walipokaa mezani ukajikaza na glasi ya maji ya ndimu. Leo ni siku ya sita tangu uanze kupunguza mwili, na mkono unaingia sufuriani kama si wako. Unakula umesimama, hadi ukoko. Kesho yake unajilaumu, unaapa, unaanza upya na matango.

Katika chumba chetu cha ushauri wa lishe, hakuna kisa tunachokisikia mara nyingi kama hiki. Anayekisimulia huinamisha kichwa, utadhani amekuja kuungama. Mimi humuuliza tu: tangu asubuhi ulikuwa umekula nini? Akishanijibu, ule wali wa saa nne usiku haunishangazi tena. Mambo yaliharibika kwenye chai kavu.

Tupige hesabu. Mwanamke wa miaka 35, kilo 80, urefu sentimita 160, anayeshinda ofisini au dukani amekaa, mwili wake hutumia takriban kalori 2,000 kwa siku. Akila 1,500 atapungua. Mwanzoni huenda ikawa karibu nusu kilo kwa wiki, baadaye kasi hupoa. Lakini huyu wa tango na yai, hata tukimwongezea nusu parachichi, hafiki 700. Amekata theluthi mbili ya chakula chake kwa mkupuo mmoja. Mwili hauna habari kwamba kuna harusi mwezi ujao na kitenge kiko kwa fundi. Unachoona ni kwamba chakula kimeadimika, na kwa hilo umejiandaa tangu enzi za mababu waliovuka kiangazi baada ya kiangazi.

Silaha yake kubwa ni homoni. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliitambua ghrelini, homoni ya njaa, inayotoka zaidi kwenye tumbo la chakula: hupanda unapokaribia kula, hushuka ukishakula. Miaka mitano kabla yao, 1994, kundi la Jeffrey Friedman huko New York lilikuwa limeitambua leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwilini. Ubongo huisoma leptini kama dereva anavyotupia jicho mshale wa mafuta ya gari. Ukipungua, leptini hushuka na ghrelini hupanda. Unasikia njaa mapema, na sahani iliyokuwa ikikushibisha haikushibishi tena.

Wala hali hiyo haiishi ndani ya wiki mbili. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu 50 waliowekwa kwenye mlo wa kalori chache sana kwa wiki 10. Waliofika mwisho walipungua zaidi ya kilo 13 kwa wastani. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, homoni zao zilikuwa bado zimekaa upande wa njaa, ingawa sehemu ya uzito ilikuwa imesharudi. Kwa hiyo jirani akikuambia "wewe huna nia tu", msamehe, hajui.

Lipo jaribio la zamani zaidi ambalo huwa nalisimulia kliniki. Lilianza Novemba 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya mtafiti Ancel Keys. Vita ilikuwa ikielekea mwisho, Ulaya ina njaa, na hakuna aliyejua vizuri namna ya kuwarudisha watu katika hali yao. Vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, walijitolea kulishwa kwa miezi sita takriban kalori 1,570 kwa siku, nusu tu ya walichozoea, huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walianza kuota chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo riwaya. Walilamba sahani, wakawa wepesi wa hasira, mazungumzo mengine yakawachosha. Hawa walikuwa wamechaguliwa kwa uthabiti wao wa mwili na akili. Sasa tazama ratiba za daiti zinazozunguka kwenye simu: nyingi nilizoonyeshwa zina kalori chache kuliko za vijana wale, tena mtu anatakiwa aende kazini, apike, alee na asikasirike.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza huwashangaza watu: ongeza chakula. Rudi kwenye pengo la kalori 300 hadi 500 chini ya unachotumia, basi. Kupungua kutakuwa kwa polepole, na njaa utaisikia bado, lakini itakuwa njaa ya kubisha hodi, siyo ya kuvunja mlango.

La pili ni kujua chakula kipi kinashibisha. Tumbo halihesabu kalori. Linahisi ujazo, linahisi protini, linahisi muda ambao chakula kimekaa kabla ya kuteremka. Mwaka 1995 watafiti wa Sydney waliwapa wanafunzi vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori 240, wakawauliza kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ukapewa alama 100 uwe kipimo. Viazi vya kuchemsha vikaongoza kwa 323. Samaki wa kuchemsha 225, machungwa 202. Kroisanti, ule mkate laini wa siagi, ikashika mkia kwa 47. Lilikuwa jaribio dogo, na andazi letu halikuwemo, lakini andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Sidhani lingeaibisha kroisanti.

Kiazi kinaonewa sana. Mtu anaacha viazi kwa sababu "vina wanga", kisha anakula karanga mfukoni siku nzima kwa sababu "ni afya". Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Gramu 100 za chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta hupita 300. Karanga gramu 30, yaani kiganja kimoja tu, ni kama 170. Sizichukii karanga, ila uzipime, maana hakuna aliyewahi kula kiganja kimoja.

Na hapo tumefika kwenye mafuta ya kupikia, ambayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote ninayofanya na akina mama. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori takriban 120. Mchicha wa gramu 200 wenyewe haufiki 60. Ukiukaanga kwa vijiko vinne vya mafuta, umeweka kalori 480 kwenye sahani bila kuongeza hata tonge moja la kushiba. Mtu huapa kwamba anakula "mboga tu" na hapungui, naye hasemi uongo. Chemsha kwa nyanya, kitunguu na karoti, weka kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria ya familia au viwili kama nyumba ni kubwa, ongeza ndimu na pilipili. Ladha itabadilika, sikatai. Wiki ya pili ulimi huzoea.

Ugali usiufukuze. Robo kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 900, na wapo wanaoimaliza peke yao bila kujijua. Punguza tonge hadi nusu, na ile nafasi iliyobaki sahanini ijae mboga: matembele, bamia, kabichi, nyanya chungu, mlenda. Unga uwe wa dona ukiweza, kwa sababu pumba na kiini vinabaki, na makapimlo yake, yaani zile nyuzinyuzi za chakula zisizosagika tumboni, hukaa zaidi kuliko sembe. Ule utelezi wa bamia na mlenda ambao watoto huukimbia nao ni aina ya makapimlo, yale yanayofanya uji mzito ndani ya tumbo na kuchelewesha chakula kuteremka.

Halafu protini iwepo kila mlo, kuanzia asubuhi. Hapa chai kavu na kipande cha mkate ndipo zinapotuangusha. Yai moja lina kalori 70 hivi na gramu 6 za protini. Mayai mawili ya kuchemsha na chungwa yatakufikisha mchana kwa amani kuliko maandazi matatu. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina bahati ya pekee, protini na makapimlo katika punje moja, na bei yake haimtishi mtu. Dagaa vilevile, mradi wasikaangwe wakaogelea. Anayeamka akitamani supu anywe, ila aenguwe mafuta yaliyoelea juu, na zile chapati mbili za kusindikiza ziwe nusu, au ndizi moja ya kuchemsha.

Vinywaji nitavipitia haraka maana habari yake inajulikana. Vijiko vitatu vidogo vya sukari katika kila kikombe, kwa vikombe vinne vya chai, ni karibu kalori 190 kwa siku, nazo hazikuondolei njaa. Soda ya nusu lita ni zaidi ya 200. Bia ni hivyohivyo, tena huita nyama choma. Maji yanasaidia kwa kiasi: nusu lita kabla ya kula huongeza ujazo tumboni, lakini kuyanywa badala ya chakula ni kuliahidi tumbo kitu usichonacho.

Lakini hata ukila vizuri, kuna saa njaa itakuja. Jua tabia yake. Ghrelini hupanda kufuata saa ulizozoea kula, na ikipita hapo hushuka yenyewe hata kama hujala. Waliofunga Ramadhani wanalielewa hili bila mtaalamu: njaa inayouma saa saba mchana, ikifika saa tisa imelegea. Inapanda kama maji kujaa, kisha yanakupwa. Kwa hiyo njaa ikibisha saa moja tu kabla ya mlo, tafuta la kufanya, piga simu, kunja nguo. Kama mlo uko mbali kwa saa tatu au nne, kula kitu: embe dogo, kikombe cha mtindi usio na sukari, kibakuli cha kunde za kuchemsha. Kujikaza hadi mikono itetemeke ndiko kunakotupeleka kwenye sufuria usiku.

Hamu nayo ni kitu kingine, na Kiswahili chetu kimeshatutofautishia: njaa, hamu, uchu. Njaa itakubali ugali na maharage. Uchu unataka chipsi mayai za kona ile, zenye tomato sosi, sasa hivi. Uchu hauna aibu kuja dakika kumi baada ya kula. Mara nyingi chanzo chake ni harufu, picha kwenye simu, uchovu au ugomvi uliotokea mchana. Sisemi usile chipsi maisha. Panga siku, kula sahani moja ukiwa umekaa na umetulia, uzihesabu.

Usingizi watu huudharau. Huko Chicago, vijana 12 waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku mbili. Leptini ikashuka asilimia 18, ghrelini ikapanda asilimia 28, na hamu yao ikaelekea kwenye vitu vitamu na vya wanga. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Dereva wa usiku, muuguzi wa zamu, mama mwenye kichanga: njaa yenu ina sababu ya ziada, na kukata kalori zaidi hakutaitibu.

Kisha kuna hofu ya vidonda vya tumbo, ambayo kwetu inawafanya wengi wakimbilie kula kila tumbo linapounguruma. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda hivyo. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Kuchelewa kula hakukutoboi tumbo. Ila kama tayari unaungua chini ya kifua mara kwa mara, kapime kwanza, uzito utasubiri. Choo kikiwa cheusi kama lami au ukatapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wasiotakiwa kukata chakula peke yao kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akila kidogo kuliko dozi yake, sukari inaweza kushuka akaanguka; lazima azungumze na daktari dawa irekebishwe. Mjamzito aache kabisa habari za kupungua. Anayenyonyesha aje tupange. Vijana wanaokua, na yeyote aliyewahi kujitapisha baada ya kula, waje pia, bila kuona haya. Na kuna njaa isiyotokana na daiti: inayokuja pamoja na kiu, kukojoa sana na kukonda usikokutaka, au na mapigo ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Hiyo ni ya maabara. Dawa nazo, kwa mfano prednisoloni, huamsha njaa kali. Usiziache ghafla, muulize aliyekuandikia.

Zile chai za kupunguza tumbo ninazoulizwa kila wiki, nyingi huwa na majani ya sena, yaani dawa ya kuharisha. Mizani ikishuka kesho yake, kilichotoka ni maji na choo.

Ukiamua kuja kliniki, usije na picha ya ulivyokuwa zamani wala ratiba ya mtu wa kwenye simu. Njoo na karatasi ya siku tatu, moja iwe ya wikendi, umeandika kila kilichoingia mdomoni, pamoja na saa ulizolala. Usiandike siku tatu nzuri, andika zilivyokuwa. Ulipoonja ukipika, andika. Uliposaidia kumaliza sahani ya mtoto, andika. Na chupa ya mafuta ya jikoni itie alama kwa kalamu siku ya kwanza, na nyingine siku ya tatu, kisha uniambie mko wangapi nyumbani.