Njia ya kutoka kitandani mpaka chooni ndiyo inawaangusha wazee wetu

Sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Kigoma tukiletewa mzee aliyeanguka huwa tunauliza alikuwa anaenda wapi, na mara nyingi jibu ni lile lile, chooni usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka na wengi wao ni wa miaka 60 kwenda juu, na hata asiyekufa akivunjika nyonga anaweza asitembee tena kama zamani.

Sasa leo usiku naomba uipite hiyo njia ya bibi wewe mwenyewe, taa zimezimwa, tochi mkononi, polepole kama yeye. Cha kwanza utakutana na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, mzee amebanwa na mkojo anatoka haraka na mguu unanasa humo. Halafu mkeka uliokunjika ncha, ndoo ya maji imekaa katikati ya korido, kizingiti kirefu cha mlango, na ukitoka nje kwetu huku kwenye miinuko mvua zikishaanza ule udongo mwekundu unateleza balaa. Ondoa vya kuondoa. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha, huko nje kata ngazi pana umwage kokoto, na kama choo kiko mbali muwekee ndoo yenye mfuniko chumbani, wala hiyo sio kumdhalilisha.

Chooni kwenyewe ndio pagumu zaidi, maana kuchuchumaa anaweza ila kuinuka magoti yanakataa. Mwambie fundi achimbie kishikio cha bomba la chuma au mti imara kwa zege upande wa mkono wa mzee wenye nguvu, asikipigilie misumari ukutani tu, mzee akiegemea uzito wote kinang'oka na yeye anaenda nacho.

Jikoni kuna mawese. Yakimwagika kwenye sakafu ya simenti maji matupu hayayatoi, mwaga jivu kwanza yanywee halafu sugua na sabuni hapo hapo, usisubiri kesho.

Na mwili nao una mambo yake. Anayetumia dawa za presha akiamka asisimame ghafla, akae kwanza pembeni ya kitanda achezeshe miguu, kizunguzungu kikiisha ndo ainuke, na kama kinarudi rudi mpelekeni kwa daktari aangalie dozi, msimkatishe dawa wenyewe. Mzee asiyeona vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho akifanyiwa upasuaji anaweza kuona tena. Malapa yaliyolika soli tupeni, kitenge kinachoburuza kifupisheni. Ila jamani msimkalishe tu kwenye kiti siku nzima eti mnamlinda, misuli inaisha na hapo ndo ataanguka vizuri, mwacheni atembee, ainuke na kukaa kwenye kiti mara kadhaa kila siku huku mtu yuko karibu.

Akianguka msikimbilie kumnyanyua. Mkiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje hiyo ni dalili ya nyonga kuvunjika, msimchue, msiuvute, msimsimamishe kujaribu, mlazeni kwenye ubao au hata mlango uliong'olewa, mfunikeni, mtafute gari mje hospitali. Sio bodaboda. Na kama amejigonga kichwa halafu anatapika au analala lala ovyo mje usiku huo huo.