Ugonjwa wa Huntington: Pesa ya Kopo Ipelekwe Jikoni

Miezi ya karibuni idara yetu ya lishe hapa Mbeya imekuwa ikipokea malalamiko kutoka Rungwe, Mbarali na hadi Njombe kuhusu makopo yanayouzwa kwa familia zenye mgonjwa wa Huntington. Muuzaji anafika nyumbani, mara nyingine baada ya ibada, na vidonge vya "kusafisha mishipa ya fahamu". Familia inauza parachichi, inanunua kopo. Mwezi unaisha mgonjwa amezidi kukonda, ndipo wanakuja kutuuliza kama wanunue la pili.

Jibu letu ni hapana.

Ugonjwa wenyewe ni wa ubongo, na ni wa kurithi. Hitilafu iko kwenye jeni moja iliyotambuliwa mwaka 1993, na kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Dalili huanza zaidi kati ya umri wa miaka 30 na 50: viungo kuchezacheza vyenyewe, mwendo wa kuyumba, hasira, kusahau. Watu husema amelogwa, au ametoka kilabuni, hata kama ni saa mbili asubuhi na ulanzi bado haujashushwa. Hili tumeshalisema mikutanoni hadi sauti zimekauka.

Wauzaji hutaja sana koenzaimu Q10 na kreatini. Majina hayo hawakuyaokota barabarani. Watafiti wenyewe walikuwa na matumaini nayo, kwa sababu seli za ubongo wa mgonjwa zina shida ya kutumia nishati, na vitu hivyo viwili vinahusika na nishati ya seli. Basi vikajaribiwa. Wagonjwa 609 wa Marekani, Kanada na Australia waliingia kwenye jaribio la Q10, dozi ikiwa miligramu 2,400 kwa siku. Kreatini ilijaribiwa kwa watu 553, dozi ikipanda hadi gramu 40 kwa siku. Majaribio yote mawili yalisitishwa mwaka 2014, kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba dawa inapunguza kasi ya ugonjwa kuliko vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani. Sasa soma kopo ulilouziwa: miligramu 100. Kama 2,400 hazikufua dafu, 100 zitafanya nini?

Kuhusu vidonge vya vitamini B vinavyoombwa dukani kwa jina la dawa ya neva, tahadhari moja: vitamini B6 ikitumika kwa dozi kubwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mgonjwa akikutwa na upungufu wa vitamini fulani, daktari atamwandikia. Dawa za kutuliza viungo alizoandikiwa zisiachishwe kupisha kopo lolote.

Anachokosa mgonjwa huyu ni chakula cha kutosha. Mwili wake unaunguza nishati nyingi, na si kwa sababu ya kuchezacheza peke yake. Hata wenye mitikisiko michache hukonda. Wapo wanaohitaji kilokalori 4,000 hadi 5,000 kwa siku ili tu wasipungue uzito, karibu mara mbili ya mtu mzima wa kawaida. Na bado tunakuta mama amemkatazia mumewe mafuta kwa sababu alisikia redioni kwamba mafuta ni mabaya. Yule mtangazaji hakuwa anazungumza na mtu anayepoteza kilo mbili kila mwezi! Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina takriban kilokalori 120. Nyama ya parachichi moja kubwa inapita 300, na yale yaliyokataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya doa kwenye ganda hayajapungukiwa na kitu ndani. Yapondwe, yachanganywe na maziwa. Uji wa ulezi upikwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa laini na mafuta. Ale kidogo kidogo mara sita kwa siku badala ya kusubiri sinia la jioni.

Uzito au wepesi wa chakula ndio pia unaoamua kupaliwa. Kumeza kunaharibika taratibu, na chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni huleta nimonia, ambayo huwaua wengi wao. Familia huogopa ugali, kumbe chai ya rangi inampalia kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kimiminika chepesi hukimbia kooni kabla hajajiandaa kumeza. Makande ni mabaya zaidi: punje ngumu ndani ya mchuzi mwepesi. Akae wima, kijiko kiwe kidogo, redio izimwe, asisemeshwe akiwa na tonge mdomoni, na asilale mpaka ipite nusu saa. Akipaliwa msimpe maji.

Apimwe uzito zahanati kila mwezi, kwa mizani ileile, na uandikwe kwenye daftari lake. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, mleteni bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Sasa utaratibu wa malalamiko, maana huku ndiko tunakopoteza muda. Virutubisho vya kopo huhesabiwa kuwa chakula, na tangu mwaka 2019 usajili wa chakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango. TMDA, mamlaka ya dawa, imebaki na dawa na vifaa tiba. Dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Muuzaji akikuonyesha cheti cha BRELA, wakala wa kusajili biashara, au namba ya TIN, hajakuonyesha kitu. TIN ni ya kodi, haisemi lolote juu ya kilichomo ndani. Mwombe usajili wa bidhaa yenyewe. Tunza kopo na lebo yake: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda. Tunza risiti. Andika tarehe uliyonunua na alichoahidiwa mgonjwa, kwa maneno ya muuzaji. Picha ya simu isiyoonyesha namba ya toleo haitusaidii. TBS na TMDA zote zina ofisi za kanda hapa Mbeya. Kuuza bidhaa isiyosajiliwa ni kosa. Mzigo huzuiliwa, na kuuteketeza ni kwa gharama za mwenye mali. Mashtaka ni ya vyombo husika, siyasemei hapa.

La mwisho ni swali la kila kliniki: je, watoto wa mgonjwa wanywe nini ili wakingwe? Hakuna kinga ya kunywa. Mtoto asiye na dalili hapimwi jeni kwa ombi la mzazi au babu. Uamuzi huo ni wake mwenyewe akishatimiza miaka 18, na hutanguliwa na ushauri nasaha.