Je, wajua kwa nini wanakarate wa Shotokan husimama chini sana?

Mtazame mtu wa Shotokan, mmoja wa mitindo ya karate, akifanya kata, yaani mfuatano wa mapigo na hatua zilizopangwa. Goti la mbele limekunjwa hadi karibu na usawa wa vidole, mguu wa nyuma umenyooshwa mbali, kiuno kimeshuka. Ukiuliza sababu, mara nyingi utapewa hadithi tamu: eti wakulima wa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani kilichozaa karate, walionyimwa silaha, walijifunza kupigana kwenye matope ya mashamba ya mpunga dhidi ya samurai (wapiganaji wa Kijapani) waliopanda farasi, wakashuka chini ili wasiteleze.

Tuanze na hao wakulima. Itosu Anko, aliyeingiza karate katika shule za Okinawa kuanzia mwaka 1901, alikuwa karani katika utawala wa mfalme wa Ryukyu, ufalme uliotawala Okinawa. Asato Anko, bingwa mwingine wa karate, alitoka katika ukoo wa mabwana. Funakoshi Gichin, mwanzilishi wa Shotokan, aliyezaliwa Shuri, Okinawa, mwaka 1868 na kufundishwa na wote wawili, alikuwa mwalimu wa shule. Jembe halionekani popote.

Tena, wazee hao hawakuwa wakisimama chini hivyo. Picha za Funakoshi katika kitabu chake cha mwaka 1935 zinamwonyesha akiwa amesimama juu, hatua zake fupi, magoti yamelegea kidogo tu. Ni kweli kwamba mwaka huo alikuwa anakaribia umri wa miaka 67, na mzee wa umri huo ana haki ya kutochuchumaa mbele ya kamera. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwa watu walioachana njia na Shotokan mapema. Otsuka Hironori alianza kujifunza kwa Funakoshi mjini Tokyo mwaka 1922, kisha akaondoka na kuanzisha mtindo wake wa karate, Wado-ryu. Watu wa Wado husimama juu mpaka leo. Mtu anaweza kusema hiyo ni athari ya jujutsu, sanaa ya Kijapani ya kukabana na kuangushana, aliyokuwa nayo Otsuka. Sawa, lakini Chibana Chosin, mwanafunzi wa Itosu aliyebaki Okinawa, hana kisingizio hicho. Mtindo wake, Shorin-ryu, nao ni wa hatua fupi. Kata ya Naihanchi, ambayo Shotokan huiita Tekki, Okinawa huchezwa juu na miguu ikiwa karibu zaidi. Shotokan ndiyo iliyoitanua na kuishusha.

Basi mabadiliko yalifanyika Tokyo, miaka ya 1930, na jina linalotajwa zaidi ni la Funakoshi Yoshitaka, mtoto wa tatu wa Gichin, aliyezaliwa mwaka 1906. Yeye ndiye aliyekuja kusimamia mazoezi huku baba yake akizeeka. Kumpa sifa zote pengine ni kupita kiasi, maana vijana wa vyuo vikuu waliokuwa wakifanya mazoezi naye nao walitaka kupigana wakianzia mbali, wala si kusimama na kurudia kata tu.

Na umbali ndio kiini cha jambo. Chukua gari lililonasa kwenye tope. Ukilisukuma ukiwa umesimama wima, gari halisogei; wewe ndiwe unayerudi nyuma, kwa sababu miguu yako inaikandamiza ardhi kwenda chini tu. Sasa shuka, peleka mguu mmoja nyuma, bana kisigino. Nguvu ya mguu huo inaisukuma ardhi kwa mshazari kwenda nyuma, na ardhi inakurudishia nguvu hiyo kwenda mbele, kupitia nyonga, mgongo na mikono. Zenkutsu-dachi, yaani ule mkao wa goti la mbele lililokunjwa na mguu wa nyuma ulionyooshwa, hufanya kazi hiyo mara mbili: kwanza mguu wa nyuma unaurusha mwili mbele kuziba umbali, halafu ngumi inapofika, mguu huohuo unazuia pigo lisikurudishe ulikotoka.

Gharama yake ipo. Mguu wa mbele umebeba uzito mwingi, hivyo kuuinua kwa teke au kugeuka ghafla kunachelewa. Waokinawa waliopigana karibu karibu hawakuwa na sababu ya kulipa gharama hiyo.

Yoshitaka alikufa mwaka 1945, akiwa ameugua kifua kikuu kwa muda mrefu, na mwaka huohuo dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Shotokan ikateketea kwa mabomu. Mkao ule haukufa nao. Chama cha Karate cha Japani kilianzishwa mwaka 1949, na mwalimu wake mkuu, Nakayama Masatoshi, akausanifu na kuufundisha kwa vipimo. Mwaka 1965 walimu wa chama hicho, Kase, Kanazawa, Enoeda na Shirai, walifika Uingereza kufanya maonyesho, na mkao wa chini ukajulikana Ulaya kama karate ya kale.

Chama hichohicho kilianza mashindano ya kitaifa mwaka 1957, na ulingoni ile gharama ilionekana. Leo mshindani wa kumite (mapambano ya watu wawili) wa Shotokan husimama juu na kurukaruka, akashuka kwa sekunde moja tu anaporusha ngumi.