Onja maji ya ngama kabla hujanipigia simu

Juzi alfajiri kanipigia mtu, hata salamu hakumaliza: "Fundi, mashua yako inavuja!" Mashua si yangu, ni yake. Mimi niliikalafati tu, yaani niliziba pamba kati ya mbao zake. Nikamuuliza imekaa nchi kavu muda gani. "Miezi mitatu, nimeipumzisha."

Huyo ni wa nne tangu kaskazi iingie.

Jamani, chombo cha mbao si punda. Hakipumziki. Ukikisimamisha juani hapa Nungwi kwa magadi, zile nguzo za kukiegemeza, bila hata kukifunika makuti, mbao zinakauka na kusinyaa, na pamba niliyogonga katikati yake inabaki haina cha kuibana. Kikirudi majini lazima kinywe kwanza. Kiache pwani siku mbili tatu, shika upo, ile kata ya kuchotea, ukumbe maji nje, mbao zitavimba na kubana zenyewe. Pamba na mafuta ya nazi ni nusu ya kalafati, nusu nyingine hufanywa na bahari.

Wanaoniudhi hasa ni wasiosubiri. Wakiona mwanga unapenya kati ya mbao, wanashindilia pamba mpaka basi. Wengine saruji, wengine gundi ya dukani. Sasa mbao ikivimba itakwenda wapi? Inasukuma mwenziwe, misumari inalegea kwenye taruma, mbavu za chombo, na chombo kilichokuwa kizima kinakuwa kibovu kwa ajili ya kutengenezwa. Nimeshinda siku nzima na patasi nikibandua saruji ya mtu, kila kipande kikitoka na ukingo wa mbao. Kwa hiyo palipokauka nagonga pamba kidogo kuliko macho yanavyotaka. Kidogo kiasi gani? Hapo sina kipimo. Nasikiliza nyundo, sauti ikigeuka naacha, na kuna siku nimekosea.

Halafu onja maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Ndiyo, chovya kidole utie ulimini. Yakiwa ya chumvi yamepita chini: kumba, endelea na safari. Yakiwa matamu ni ya mvua, yameingilia juu, na hayo ndiyo yanayoozesha mbao. Watu wanakesha wakiiogopa bahari, masika yote ngama imejaa maji ya mvua na hawana habari.

Mdudu wa mbao, kwa ufupi: maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, yakipwa laza chombo, kwangua, choma kwa makuti makavu, paka deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta. Siku hiyo pwani inajaa washauri, na birika la chai huisha kabla ya makuti. Mdudu mwenyewe ni jamaa wa chaza. Huingia akiwa mdogo kuliko kichwa cha pini, akanenepea ndani, nje usione kitu. Moto unamfika aliyezama kabisa? Nina shaka. Na sifa, yaani mafuta ya papa, wazee husema inamfukuza. Mimi naona inazuia mbao isikauke, na harufu yake inafukuza wageni.

Yule bwana kapiga tena jana. Mashua imebana, haivuji. Anauliza kama sasa aipandishe, ipumzike kidogo.