Bangkok ya nyuma ya Pratunam

Wenzetu wengi wanaokwenda Bangkok kutoka Kariakoo au Eastleigh huijua mitaa miwili mitatu tu: Pratunam kwa nguo, Bobae kwa mzigo wa bei ya chini zaidi, na ofisi ya wakala wa kusafirisha. Siku ya mwisho, marobota yakishafungwa, ndipo mtu anauliza, "Kwani mji huu una nini cha kuona?" Kazi yangu ni kuongoza wageni wa namna hiyo, na jibu langu ni lile lile kila safari: shuka majini. Foleni za Bangkok zinaweza kukulia nusu siku ndani ya teksi, na kumbe nyuma ya maduka hayo hayo unaponunulia magauni kuna mfereji unaokufikisha mji mkongwe kabla hujamaliza chupa ya maji.

Mfereji huo unaitwa Khlong Saen Saep. Ulianza kuchimbwa mwaka 1837 kwa amri ya mfalme Rama III, na nia haikuwa biashara. Siam, jina la zamani la Thailand, ilikuwa ikigombania Kambodia na Wavietnam, na mfalme alitaka njia ya kupeleka askari na silaha upande wa mashariki. Siku hizi wanaopanda ni makarani, wanafunzi, akina mama wenye vikapu vya sokoni, na wageni wachache waliopata wa kuwaambia. Gati la Pratunam liko chini ya daraja, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jumba la maduka ya nguo la Platinum.

Boti zenyewe zina adabu zake. Haziegeshi, zinagusa tu. Konda, kofia ngumu kichwani, anazungusha kamba kwenye nguzo, watu wanashuka na kupanda kwa pamoja, na kabla hujapata pa kukaa injini imeshanguruma. Kwa hiyo kanzu ndefu na viatu vya visigino viache hotelini. Ukikaa pembeni utaona kamba inayoning'inia karibu na bega lako, imeunganishwa na turubai la plastiki. Hiyo ni kazi yako wewe. Maji ya mfereji ni meusi na yana harufu, na boti mbili zikipishana yanaruka mpaka ndani. Aliyekaa pembeni anapaswa kuvuta kamba turubai lipande. Usipovuta, benchi nzima inalowa, na Wathai ni watu wa staha mno kukugombeza, ila watakuangalia. Konda naye hapiti katikati. Anatembea kwa nje, juu ya ukingo wa boti, mkono mmoja umeshika paa na mwingine unapokea nauli, ambayo ni baht chache tu. Penye daraja fupi paa lenyewe hushushwa, na wote mnainamisha vichwa.

Vituo viwili magharibi ya Pratunam kuna Ban Krua. Watalii wengi hushuka maeneo hayo kwa ajili ya nyumba ya Jim Thompson iliyo ng'ambo ya pili, Mmarekani aliyeifanya hariri ya Thailand ijulikane duniani kisha akatoweka mwaka 1967 akiwa matembezini Malaysia. Nyumba ni nzuri, majumba ya mbao ya Kithai yaliyounganishwa kuwa moja. Lakini mimi huwavusha wageni wangu waende upande wa wafumaji. Ban Krua ni mtaa wa Waislamu wa kabila la Cham, watu wenye asili ya Champa waliofika kwa kupitia Kambodia. Inaelezwa kwamba walipewa ardhi ile kwa kupigana upande wa mfalme Rama I. Hariri ya Thompson ilifumwa na mikono yao. Vichochoro ni vyembamba, msikiti upo, salamu yako ya "Asalaam alaykum" inaitikiwa mara moja, na chakula cha halali unakipata bila kuhoji sana. Miaka ya 1990 wakazi hawa walisimama kidete wasibomolewe kupisha tawi la barabara ya juu. Ukipita kimya kimya asubuhi unaweza bado kusikia kitanda cha mfumi kikigonga, ingawa waliobaki kwenye kazi hiyo ni wachache sana.

Mwisho wa mfereji ni Panfa, chini ya kilima cha Wat Saket ("wat" ni hekalu). Uliza kwanza boti inaishia wapi, maana ujenzi wa reli ya chini ya ardhi umeligusa eneo hilo. Panda ngazi za kilima, ni zaidi ya 300 lakini zinazunguka polepole, na juu utauona mji wote: huku mapaa ya mahekalu, kule maghorofa ya vioo. Mji mkongwe ulianza mwaka 1782, Rama I alipohamisha makao makuu kutoka Thonburi, ng'ambo ya mto Chao Phraya. Ayutthaya, makao ya kale, ilikuwa imeteketezwa na Waburma mwaka 1767.

Kutoka hapo chukua bajaji kwenda Kasri Kuu, lakini masikio yawe wazi. Mtu nadhifu, Kiingereza safi, atakufuata karibu na ukuta na kukwambia leo pamefungwa kwa sababu ya ibada, ila yeye anajua hekalu jingine, na njiani kuna duka la vito lenye punguzo la serikali la siku moja. Hakuna punguzo. Kasri kwa kawaida hufunguliwa saa 2:30 asubuhi na tiketi hukatwa hadi saa 9:30 alasiri. Ukafike langoni ujionee mwenyewe. Inanishangaza jinsi Watanzania wanavyonaswa na mtego huu, ilhali miaka ya 1990 wanunuzi wa Kithai ndio waliokuja mpaka Tunduru kufuata mawe yetu.

Ndani ya uzio wa kasri kuna Wat Phra Kaew na sanamu maarufu ya Buddha wa Zumaridi. Si zumaridi, imechongwa kwa jiwe jingine la kijani, na ni ndogo, urefu wake haufiki mita moja. Mfalme huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, ya kiangazi, ya masika na ya kipupwe. Mabega na magoti yafunikwe, viatu vinavuliwa, nyayo hazielekezwi kwenye sanamu. Kwa mtu wa pwani hakuna kigeni hapo. Mwanamke asimguse mtawa wa Kibudha, hata kwa bahati mbaya kwenye boti. Na kuhusu mfalme, utani ukae mdomoni: sheria ya kumtukana ina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa hadharani, watu wakisimama, simama.

Wat Pho iko jirani, na yule Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46. Watu hujazana upande wa uso. Nenda miguuni, ukaone nyayo zilizonakshiwa alama 108 kwa vipande vya ganda la chaza.

Sasa vuka mto kwa pantoni ndogo ya Tha Tien, ufike Wat Arun. Mahali hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Kwa mbali mnara wake ni wa kijivu; ukiusogelea unakuta umefunikwa kauri za Kichina, visahani vizima na vigae vilivyokatwa vikawa petali za maua. Mnara wa zamani ulikuwa mdogo. Ulikuzwa kufikia kimo cha sasa zama za Rama III, wakati biashara na China ilipokuwa imechanganya, na inasimuliwa kwamba vyombo vile vilikuja kama farumi, uzito wa kutuliza chombo, ndani ya merikebu. Aliyewahi kwenda kwenye makaburi ya Kunduchi, au kuuona mnara wa kaburi la Mambrui, ataelewa kwa nini natulia pale. Mabwana wa pwani yetu nao walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi yao. Mafundi wa kwetu na wa Siam hawakuonana, lakini kauri ilikuwa ile ile, ya bahari ile ile. Tofauti ni kwamba ya Kunduchi mengi yamebanduliwa, yamebaki matundu, na ya Wat Arun kila kizazi kinayakarabati.

Jioni panda boti ya mtoni yenye bendera ya rangi ya machungwa, shuka Ratchawong kwa ajili ya mitaa ya Wachina, Yaowarat. Hekalu la Wat Traimit lina sanamu ya dhahabu ya tani 5.5 iliyofichwa kwa muda mrefu chini ya plasta. Mwaka 1955, walipokuwa wakiihamisha, plasta ikapasuka. Chakula cha mtaani kinanukia sana, lakini nguruwe yupo karibu kila sufuria, hata kwenye mchuzi. Asiyekula atafute alama ya halali, au asubiri mtaa wa Waarabu, Sukhumvit Soi 3/1, walikojaa Waomani waliokuja hospitali.

Damnoen Saduak, soko la kuelea linaloonekana kwenye kila kalenda, silipendekezi. Ni safari ndefu nje ya mji kwenda kununua kofia ghali.

Kurudi, boti za Saen Saep huacha mapema, hasa Jumamosi na Jumapili. Badala yake panda tena boti ya mtoni, shuka gati la Sathorn, panda treni ya juu Saphan Taksin, badilisha kituo cha Siam, teremka Chit Lom. Pratunam utaitembea kwa miguu kupitia daraja la juu, na maduka mengi yatakuwa yameshafunga, kwa hiyo mzigo wa wakala uwe umeumaliza asubuhi.